Mishono Saba

Katwe yetu ni ile ya chumvi, si ile ya Kampala.
Jioni tukitoka ziwani, miguu imechubuka,
wengine huenda kunywa, wengine kusali.
Mimi Kabugho huenda kwa Bwambale,
shilingi mia tano, benchi la mbele,
kuwatazama watu wawili waliochorwa kwa mkono
ambao, nakwambia,
wananihusu kuliko nusu ya mashemeji zangu.

Senuri hufua kengele katika mji ulio juu ya mawingu.
Ovaro alizaliwa na bawa moja, la kushoto,
kwa hiyo akiruka huzunguka tu
kama nzi aliyelewa.
Walianza kwa ugomvi, sehemu ya pili, juu ya ngazi.
Ngazi tu! Nani ashuke kwanza.
Nikamnong'oneza Biira: hawa wataoana.
Biira akasema nyamaza, mwana wa mfalme yupo.

Sina neno na mwana wa mfalme.
Ana farasi wa moto, ana meno mazuri.
Lakini sehemu ya tisa, bawa lilipochanika mwambani,
yeye alimwita tabibu,
Senuri akatoa sindano.
Uzi mweupe hakuwa nao. Akafumua pindo la sketi yake
akashona kwa wekundu ule, mishono saba, yote imepinda,
huku akimtukana Ovaro kwa kutotulia.

Tangu siku hiyo mimi nahesabu.
Sehemu ya kumi na mbili, vitani, moshi kila mahali: saba.
Sehemu ya ishirini yuko mbali, mdogo kama punje ya ulezi,
nikasogea hadi Bwambale akanikemea nisiguse skrini:
saba.
Na pindo la sketi hadi leo lina pengo.
Yuko mtu mahali fulani, simjui, mwenye kalamu,
aliyekaa kila siku akakumbuka.
Mume wangu husahau kama nakunywa chai na sukari.

Nikaandika haya kwenye gunia, kwa makaa:

Uzi huu si wa duka, fundi hakuuchagua,
Bawa lilipokatika, ndio alouchukua,
Na dhoruba ikishuka, hung'aa kwenye mvua,
Na chozi likinitoka, nitasema ni mafua.

Gunia likauzwa na chumvi yake. Limekwenda Kongo.

Sasa, Vijei Kiberu, anayetutafsiria kwa Kiganda,
hajui kufunga mdomo.
Ovaro alimbatiza Salongo
kabla hata hajashikwa mkono, mapacha wapi!
Upepo ukivuma, Kiberu anaueleza.
Farasi akinywa maji, Kiberu anataja bei ya maji.
Lakini jana, sehemu ya thelathini,
Ovaro amerudi kutoka Nchi ya Vivuli, amenyang'anywa kumbukumbu,
hajui jina lake wala la mwanamke aliye mbele yake.
Anapapasa bawa. Kidole kinafika kwenye mshono.
Anahesabu polepole.
"Nani alishona vibaya hivi?"
Na Senuri, uso mweusi kwa masizi ya kiwanda:
"Wewe ndiye hukutulia."

Hapo Kiberu alinyamaza.
Tulisikia jenereta. Tulisikia mtu akitafuna karanga, kisha akaacha.
Hawakubusiana. Alimshikia nyundo tu,
wakashuka ngazi ile ile,
kila mmoja akimwambia mwenzake, tangulia.

Taa zikawaka, tukasimama, tukarudi ndani mbio:
kiboko mlangoni, anakula nyasi za Bwambale
taratibu, kama mwenye kodi.
Saa nzima hatukuweza kutoka.
Bwambale akauliza, niweke mpira?
Nyuma, gizani, sauti ikasema irudishe pale kwenye mshono,
sauti ya mafua, mafua mazito,
na nilipogeuka alikuwa Biira.